Maombi ya Kalekye Yaliyogeuzwa Laana

Siku ya kwanza kumwona Kalekye alikuwa amesimama mbele ya televisheni katika ukumbi wa video wa Kambu, amemzuia Muchiri, mwenye ukumbi, asizime mashine. Filamu ilikuwa ndiyo imeisha.

"Bwana asifiwe," akasalimu, kana kwamba tuko kanisani. Tukaitikia. "Natoa ushuhuda juu ya hii filamu. Ni uongo mtupu. Mtu anapigwa risasi tatu na shati bado iko na pasi?"

Watu walicheka sana. Tangu hapo, hakuna filamu iliyoisha kwa Muchiri bila ushuhuda. Hata zile ambazo hazijafika tulizibishania kwa picha zilizobandikwa mlangoni. Mimi ni fundi wa viatu, na kusimama mbele za watu siwezi; nilikaa nyuma nikisikiliza. Kalekye aliuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kando ya barabara kuu. Madereva wa malori walikula kwake huku akiwaambia ni filamu gani ya kutazama na ni gani ya kulalia.

Kisha wakaja watu wa filamu kutoka Nairobi. Mkubwa wao, Kahiga, alikula kwake sahani mbili, akasema, "Mama, sura yako inafaa. Utakuwa nyanya anayeombea mvua. Omba tu vile wewe huomba."

Wakamfunga shuka nyeusi, wakampa kibuyu.

"Hiki ni cha nini? Mimi huomba mikono mitupu."

"Ni pambo tu, mama."

Akapiga magoti kwenye shamba lililokauka, akaomba kwa Kikamba mpaka akalia kweli. Nilikuwepo. Nilisema amina.

Mwaka uliofuata filamu ilipoletwa, Kalekye alikaa mbele kabisa, amevaa gauni lake la kanisa. Sura yake ikatokea, ngoma za kutisha zikalia, na chini yake kukaandikwa kwa Kiswahili: "Naulaani ukoo huu, watoto wote wafe." Sisi tulimsikia kwa masikio yetu akimwomba Mungu mvua, ng'ombe wapate majani.

Hakuna aliyetoa ushuhuda. Kalekye alimpigia Kahiga simu palepale, sote tukisikia.

"Badilisha hayo maandishi. Mimi nilikuwa naomba!"

"Mama, hiyo ni sanaa. Watazamaji wengi hawajui Kikamba. Na kila mtu anajua Ukambani kuna uchawi."

Kila mtu gani? Kwenye filamu zao Mkamba ni mlinzi wa kuchekwa au ni mchawi. Halimi, hasomeshi watoto, haendi kanisani. Na huyu Kahiga aliyekula muthokoi mpaka akalamba sahani, mbona hakurogwa?

Kambu tulijua ukweli, lakini madereva si watu wa Kambu. Mmoja alishusha kioo akaita, "Mama mchawi, leo umepika nani?" Huyo angalau alitania. Wengine walipita kimya wakaenda kula kibanda cha pili, hata wale aliozoea kuwaita wanangu. Muthokoi ikawa inalala sufuriani. Kahiga naye akapiga simu: sehemu ya pili inakuja, anamhitaji tena.

Kalekye aliamua kwenda kwa kaka yake huko Mbumbuni. Nilimbebea mzigo hadi stendi. Alipanda, akafungua dirisha.

"Wakija kutafuta mchawi wa sehemu ya pili," akasema, "waonyeshe barabara ya Nairobi. Mama yake Kahiga yuko huko."