Shangazi wa Fuki

Chizuru Kanbara alianza kupigwa picha za matangazo akiwa na miaka kumi na saba. Alivalishwa makoti ya baridi katikati ya joto kali la mwezi wa nane, jasho likimtiririka mgongoni huku uso ukitakiwa uonekane umeguswa na theluji. Alipofika ishirini na tano wakapatikana wasichana wembamba zaidi, naye akageukia uigizaji. Kwenye michezo ya televisheni alikuwa jirani anayefungua mlango, au mke wa askari wa upanga anayeuawa kabla mtazamaji hajamaliza chai. Mama yake alikuwa akimtania, "Leo utakufa saa ngapi, nikae nikuangalie?"

Kuimba kulimjia akiwa na thelathini na nne, zile nyimbo za majonzi wanazozipenda watu wazima: bandari, mvua, mwanamke anayengoja barua. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kulia akanawa uso. Wazee wajane wakampenda. Ndipo Bwana Doi, meneja wa kampuni iliyotoa diski zake, akamwekea sharti.

"Wateja wako wanakuja kumwona mwanamke asiye na mtu. Fuki ni mtoto wa kaka yako. Tumeelewana?"

Fuki alikuwa na miaka minne. Baba yake alikwisha kwenda zake. Chizuru alimfundisha kama anavyofundishwa mtoto kuvuka barabara: nyumbani, mama, penye watu, shangazi. Mtoto akashika upesi. Wepesi ule ndio uliomuuma Chizuru.

Mwezi wa tatu bibi yake Fuki, aliyekuwa akibaki naye safari za mbali, aliteguka mguu, ikabidi mtoto aandamane na mama yake hadi mji wa Onomichi, kwenye duka la diski alikokwenda kuimba. Ilikuwa saa nane mchana. Fuki akaingia, akainama mpaka nywele zikamfunika uso. "Habari za asubuhi!"

Bi Setsu, mwenye duka, akatazama saa ya ukutani, kisha akamtazama Chizuru. Watu wa jukwaani husalimiana hivyo hata jua likizama, na mtoto hawezi kulijua hilo asipokulia vyumba vya kuvalia. Walimfundisha kumficha mama, wakasahau salamu.

"Mtoto wa kaka, eti," Bi Setsu akasema chini chini, akimsogezea Fuki kiti. "Huyo kaka naye mwimbaji?"

"Bi Setsu, nakuomba."

"Mimi nauza diski, mwenzangu. Siuzi maneno."

Chizuru akapanda juu ya kreti la bia nje ya duka, kimono yake ya zambarau imekazwa sawasawa. Bwana Doi alikaa kwenye meza ya mauzo. Wazee kama thelathini walisimama, kila mmoja ameshika diski akingoja kulipa ili apewe mkono. Mbele kabisa alikuwa Mzee Kuwahara, fundi bomba mstaafu aliyemfuata miji kumi na mmoja.

Katikati ya ubeti wa pili Fuki alitoka mbio, kiatu kikamnasa, akaanguka kifudifudi kwenye vigae. Goti likachubuka. Akavuta pumzi ndefu, ile ya mtoto kabla kilio hakijapata sauti, halafu akapiga ukelele:

"Shangazi!"

Hata kwenye maumivu hakusahau. Muziki ukaendelea peke yake. Chizuru akashuka, akapiga magoti na kimono yake, akamkumbatia.

"Niite mama."

Fuki akamtazama Bwana Doi, akawatazama wazee. "Lakini watu wapo," akanong'ona.

"Waache wawepo."

"Umejimaliza mwenyewe, Chizuru," Bwana Doi akasema. Wazee watano sita wakarudisha diski mezani, mmoja akinung'unika, "Tumefanywa watoto." Mzee Kuwahara alibaki, kofia mkononi, uso umemwiva.

"Miji kumi na mmoja," alisema. "Kila mji nakuletea keki za maharage wewe peke yako. Ungeniambia, ningeleta za wawili."

"Nisamehe, mzee."

"Bado nimekasirika. Lakini imba, ubeti haujaisha."

Chizuru akaimba, mtoto amekaa ukingoni mwa kreti, Bi Setsu akimfunga goti. Kampuni haikumpa mkataba mwingine. Tangu hapo Chizuru huimba kwenye kumbi za hoteli za chemchemi za maji moto, mabango akibandika mwenyewe.

Wakirudi nyumbani kwa treni siku ile, Fuki alitazama kushoto, akatazama kulia, ndipo akasema polepole, "Mama." Ilichukua mpaka mvua za mwezi wa sita mtoto kuacha kutazama kwanza.