Kipande cha Cheni Pindoni mwa Khanga

Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kurudi madukani, mume wangu, aliyekuwa bwana mifugo, alinunua pikipiki ndogo ya mtumba yenye sproketi mbili nyuma, yale magurudumu ya meno yanayovutwa na cheni. Ndogo ilikuwa ya tambarare, kubwa ya milima ya Kibakwe tulikokuwa tukiishi. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine kulitaka kusimama, kuzima injini, kufungua cheni na kuunga kipande kifupi ili itoshe kuizunguka ile kubwa. Kipande hicho kisipotumika kilikaa kwenye pindo la khanga yangu, pale wenzangu walipofunga hela ya sabuni. Khanga zangu zote zilikuwa na doa la grisi. Pikipiki ile niliichukia kwa moyo wote.

Asubuhi moja mtoto wetu wa kwanza aliamka akiungua kwa homa, na kabla ya uji kuiva akapata degedege. Nikamfunga kifuani, tukaanza kuteremka kwenda hospitali kwa ile sproketi kubwa. Injini ilinguruma, pikipiki ikatambaa. Hata punda wa maji wangetupita.

"Baba, weka ndogo. Mtoto anatufia."

"Breki zimekwisha," alijibu bila kugeuka. "Hiyo kubwa ndiyo inayotushika. Nikiitoa, tunaishia korongoni."

Nikalitazama korongo. Niliogopa kuanguka, lakini hofu kubwa zaidi ilikuwa kwamba mtoto alikuwa ameacha kulia. Kwa kelele na mtikisiko ule nisingeweza kujua kama anapumua. Kufunua khanga nimtazame sikuthubutu. Nilijiambia ni kwa sababu mikono yangu imeshika chuma cha nyuma, uongo mtupu.

Njia ilipolala sawa, mume wangu akasimama. Nilitamani kumpiga. Alizima injini, akapiga magoti vumbini, akaanza kuifungua cheni.

Kukawa kimya. Ndani ya khanga nikasikia pumzi fupi, ya kukwaruza. Nikangoja kwa muda ulionitoa jasho, ikaja nyingine.

Akanipa kile kipande, bado cha moto, nikakifunga pindoni kama siku zote. Akapanda, akaweka mguu kwenye kiki.

"Tuwahi, Mama."

Mimi niliyemhimiza njia nzima nikamshika bega.

"Usiwashe kwanza," nikamwambia. "Nimsikie tena."