Shada la Maua Ukutani

Sisi Masingasinga hatuabudu picha. Nimesoma hadi chuo kikuu, nalijua hilo. Lakini tangu mama afariki, kila alfajiri huivika shada la maua picha ya Guru, mwalimu mkuu wa dini yetu, aliyoniachia, nikaifukizia ubani kama alivyofanya yeye, ili harufu ile inirudishie uwepo wake.

Mama Hawaa, mwenye nyumba wangu hapa Garsen, aliiona. "Pole, mwanangu. Kumbe marehemu baba yako alikushinda ndevu!"

Niliona aibu kueleza, nikaitikia, "Asante, mama." Majirani wakaniletea maziwa ya kunifariji, nami nikayanywa yote.

Jana baba akaja kunitembelea. Nilipomtambulisha, Mama Hawaa alipiga yowe. "Na huyu wa ukutani tuliyemlilia ni nani?"

Baba, asiyependa picha hizo, aliivuta puani harufu ya ule ubani.

"Ni Guru wetu, mama," akajibu polepole. "Lakini mwanangu anamlilia mke wangu."