Kofia ya Mwalimu Mkuu

Ignace alipozikwa, Machi mwaka 2018, mjane wake alisimama kanisani na kusoma historia ya marehemu kwa dakika nne, wala hakuna aliyelia. Masika aliiandika mwenyewe. Alikuwa mwalimu, binti wa mwalimu mkuu wa Butembo, Kongo, na asingemwachia mtu mwingine kalamu. Yote yalikuwamo: ubatizo, ndoa, mwaka wa kuingia Johannesburg, na kazi yake, "msimamizi wa ghala huko Jeppestown". Kwa kweli Ignace alikuwa mlinzi wa usiku wa karakana. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa aliloliacha nje ni kwamba mumewe alikuwa mchekeshaji.

Jambo lenyewe lilianzia parokiani, Ignace akiwa mtoto. Padre mmoja alizoea kutundika shuka ukutani siku za Jumapili na kuonyesha filamu za kale za Marekani, zile zisizo na sauti. Humo mlikuwa na mtu mwembamba mwenye kofia, aliyepatwa na kila balaa bila kucheka wala kulia. Watoto hawakulijua jina lake, wakamwita Uso Mkavu. Ukubwani Ignace alizitafuta habari zake akazijua kama mtu anavyojua habari za mjomba wake, na walipokuwa wachumba akamsimulia Masika.

"Alikuwa anaanguka mwenyewe. Hakuna aliyeanguka kwa niaba yake. Halafu filamu zikaanza kusema. Wakubwa wa kampuni wakampa maneno ya kutamka, mtu ambaye hakuwahi kuyahitaji! Basi akashuka, akashuka, mpaka akawa anasimama nyuma ya vijana waliojifunza kwake."

"Na hadithi hiyo inatufundisha nini?" Masika aliuliza.

"Haifundishi, mama. Inachekesha tu."

Masika alidhani ni utoto, utaisha. Haukuisha. Walipohamia La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, na kupanga vyumba viwili, Ignace akawa anarudi kutoka lindoni saa nzima baada ya wenzake, akisingizia foleni ya magari. Masika hakuuliza sana. Alikuwa na wanafunzi wake wa Kifaransa, alikuwa na binti yao Murielle wa kulea, na alikuwa na jina la kulinda. Jina hilo aliliweka kabatini: kofia nyeusi ya sufu ya marehemu baba yake, iliyofungwa katika kitenge, ambayo mzee aliivaa siku za wakaguzi tu. Wengine walitoka Butembo na sufuria. Yeye alitoka na kofia.

Siku moja ya Agosti 2016, Jumamosi asubuhi, Mama Victorine, msusi na kiongozi wa kwaya yao, alimpitia kwa gari waende mazoezini. Victorine alikuwa dereva wa pupa, lakini siku hiyo aliendesha polepole, na walipofika kwenye robot ya Rosettenville, kama taa za barabarani zinavyoitwa huko, ikawa nyekundu. Mtu akaingia barabarani na sanduku la safari. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga. Alitembea kama mwenye haraka ya treni, na ghafla sanduku likagoma hewani, likabaki palepale. Akalivuta. Likakataa. Akaketi chini kulibembeleza, akatoa leso akalipangusa jasho. Watoto waliosimama kando wakapiga kelele za kumsifu mzee, "Sharp, madala!"

Masika hakuutambua uso. Aliitambua kofia ya baba yake.

"Yesu wangu, angalia ule baba!" Victorine alikuwa ameshacheka mpaka machozi. "Mama Murielle, unamujua?"

Sanduku lilikuwa limeanza kwenda lenyewe, likimburura Ignace mbele ya magari. Akasimama, akageukia gari lao, akawaona. Akainua kofia.

"Nitamjulia wapi mtu kama yule?" Masika alisema, akaligeuzia uso dirisha la upande wa pili. Nyuma magari yalipiga honi. Victorine hakucheka tena, akaendesha kwa pupa mpaka kanisani.

Jioni, Ignace akiwa ameshakwenda kazini, Masika aliitoa kofia kabatini na kuilowesha kwenye beseni. Maji yalitoka meupe kama uji. Akaisugua kwa sabuni, akaianika ukutani pale ambapo mumewe angeiona akirudi. Aliiona. Tangu asubuhi hiyo Ignace hakuchelewa tena kurudi hata dakika tano. Ila sufu ya namna ile haifuliwi kwa maji. Ilipokauka, kofia ya mwalimu mkuu ilikuwa imenywea ikawa ya mtoto.

Waliishi hivyo mwaka mmoja na nusu, kwa adabu. Mapafu yalipomlaza hospitali, Masika aliingia wodini siku moja akamkuta amekaa kitandani, mkono umeng'ang'ania mfuko wa dawa uliogoma hewani, na Murielle ameshika tumbo kwa kicheko. Ignace alipomwona mkewe aliushusha mfuko, akauweka mezani taratibu. Masika alitaka kusema, endelea. Badala yake akamnyooshea shuka. Alidhani kuna siku nyingine.

Mwaka ulipotimia, siku ya kuondoa matanga, alikuwa ameandika historia upya. Aliisoma sebuleni kwa Victorine, mbele ya wanakwaya wote. Alisoma kuwa Ignace alikuwa mlinzi. Akasoma habari za shuka la parokiani, za unga na za robot. Akafika kwenye sentensi aliyoiandika na kuifuta mara tatu: "Mkewe alipoulizwa kama anamjua, alimkana."

Akaikunja karatasi.

"Mama Murielle," Victorine alisema hatimaye, "mimi nilijua ni yeye. Sisi wote tulijua. Nilikuwa ninapita pale kila juma kumuangalia. Siku ile nilikupeleka makusudi, taa itukamate, umuone bwana yako vile anaweza."

Masika aliketi. Kumbe jina alilolilinda hakuna aliyekuwa akilitia doa.

"Mwisho wake sikuuona," alisema. "Ulikuwaje?"

Wanawake walitazamana. Victorine, pamoja na unene wake, aliinuka, akachukua mkoba wake ukawa sanduku. Ukagoma, ukabembelezwa, ukamburura kutoka kabatini hadi mlangoni, na watu wakaanza kucheka huku wakijizuia. Murielle alicheka bila kujizuia. Mlangoni Victorine alisimama wima, uso mkavu, akainua kofia isiyokuwapo.

"Hapa alikuwa anachagua mtu mmoja mu magari," alisema. "Anamuinulia kofia. Anangoja mpaka ule mtu amuitikie kwa kichwa. Bila kuitikiwa, hatoki mu barabara. Hata taa iwe kijani."

Masika alikumbuka zile honi.

"Alingoja sana?"

Victorine aliushusha mkono. "Sana, dada."