Dawa ya Kitanda cha Sita

Wodini walimwita Mama Nyusi, na wala si kwa sababu nyusi zake zilikuwa za kuvutia. Kila alipoinamia kitanda cha mtoto mchanga, kabla ya kushika karatasi au kipimajoto, alitazama kwanza nyusi. Halafu mdomo. Halafu miguu, kama imelegea au imekunjwa. Halafu alisikiliza kilio, akajaribu kumbembeleza mtoto ili aone kama anabembelezeka. Kwa mambo hayo matano alitoa alama za maumivu, sifuri mpaka kumi, na akimaliza kuandika hakuna daktari aliyembishia. Miaka ishirini na sita alikuwa muuguzi wa watoto, na kitu alichokitilia shaka kuliko vyote ni mtoto mtulivu.

Shaka hiyo ilikuwa na asili yake. Alipokuwa mwanafunzi aliambiwa amshikilie kichanga wa wiki tatu ashonwe kidonda bila ganzi. Mkufunzi akamhakikishia kwamba vichanga hawasikii maumivu, wanapiga kelele tu. Kichanga yule alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akanyamaza macho wazi, na mkufunzi akasema, unaona, ametulia. Tangu hapo, mtu akimwambia mtoto fulani hana shida, Mama Nyusi huenda kujionea mwenyewe.

Ndiyo maana alisimama kitanda cha sita. Palilala binti wa miezi tisa aliyemwagikiwa maji ya moto kifuani na pajani. Wauguzi walimsifu: mtoto mzuri, halii, hasumbui. Mama yake, mwanamke mwembamba asiyependa maneno, alikaa kando ya kitanda na kitaulo begani. Jumatatu Mama Nyusi ndiye aliyeshika funguo za kabati la dawa, na saa tatu na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya kidonda kufungwa upya, alimpa mtoto mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa bomba lisilo na sindano, polepole ndani ya shavu, akangoja ameze. Alama zikashuka kutoka saba hadi mbili.

Jumanne funguo zilikuwa kwa mwenzake, dada mmoja aliyeitwa Chapchap kwa jinsi alivyofanya kazi mbio mbio. Kwenye karatasi iliandikwa dawa imetolewa saa tatu na nusu, na sahihi juu yake. Lakini saa nne nyusi za mtoto zilikuwa zimekutana katikati, vidole vya miguu vimejikunja, na alikuwa amelala kama aliyebanwa, hathubutu hata kugeuza shingo. Saba. Jumatano ikawa hivyo hivyo: sahihi ipo, nafuu haipo.

Machale yakamcheza. Alikwenda kwenye kabati akatazama chupa. Dawa ilikuwa imepungua kama inavyotakiwa. Basi ilitoka. Ilikwenda wapi? Na hapo akaanza kumwangalia Chapchap kwa jicho la pembeni. Aliona anavyofunga mlango wa chumba cha dawa nyuma yake, jambo ambalo wote walilifanya. Alimwona akipiga miayo baada ya chakula cha mchana. Akakumbuka kwamba mwezi uliopita alilalamika mgongo. Kila alichokiona kilijipanga chenyewe upande mmoja, na kadiri kilivyojipanga ndivyo alivyozidi kuamini kwamba dawa ya mtoto inaishia kinywani mwa mtu mzima.

Mchana ule ule alikwenda kwa matroni na karatasi zake. Hakutaja wizi, alisema tu kwamba dawa inasainiwa na mtoto haipati, matroni ajaze mwenyewe pengo lililobaki. Matroni alijaza. Alimwita Chapchap, akamtaka mbele ya wauguzi wa zamu akabidhi funguo mpaka jambo lichunguzwe. Chapchap aliziweka mezani bila kubisha. Alipopita kwenye korido hakumtazama mtu, na Mama Nyusi akauhesabu ukimya ule kuwa ushahidi mwingine.

Alhamisi funguo alipewa kaka mmoja aliyehamia wodini wiki ile, ambaye hakuwa na historia na mtu yeyote. Saa nne Mama Nyusi alikwenda kitanda cha sita akiwa na uhakika wa atakachokikuta.

Alikuta saba.

Alisimama pale kalamu ikiwa hewani. Alimuuliza yule kaka alivyotoa dawa, naye akaeleza bila wasiwasi: alipima, akampa mama bomba ampe mwanawe, kwa kuwa mtoto amemzoea mama, kisha akaenda kitanda cha saba. Je, alimwona akimeza? Kaka akafikiri, akasema hapana, lakini bomba lilirudi tupu.

Mama Nyusi akarudi kitandani, safari hii hakumtazama mtoto. Alitazama mguu wa kitanda. Sisimizi walikuwa wakipanda kwa mstari mwembamba, wakipita ukingo wa godoro, wakiingia kwenye kitaulo kilichokunjwa chini ya mto. Alikifungua. Pembe yake moja ilikuwa imekakamaa na kunata, yenye harufu tamu ya dawa ya maji.

Alivuta kiti akaketi karibu na yule mama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii imeingiaje hapa?"

"Aliitema."

"Siku tatu, pembe ile ile?"

Mama wa mtoto alikaza mikono juu ya magoti. Kisha akazungumza akiitazama sakafu. Kabla ya huyu alikuwa na mtoto mwingine. Aliugua kifua, wakamnunulia dukani dawa ya kumtuliza, mwenye duka akawapimia kwa kijiko cha chai. Mtoto akatulia vizuri, akalala, hakuamka.

"Nilisikia mnaiita mofini," alisema. "Nikawauliza wenzangu humu, wakaniambia hiyo ni ya watu wanaokufa. Wewe siku ile ulimpa mwenyewe, sikuweza kukuzuia. Nilimwekea kidole chini ya pua mpaka jioni nione kama anapumua." Kisha akainua macho. "Kuna mtu aliniambia ni ya nini?"

Hakuwapo. Wote walipima, walisaini, wakaondoka. Na yeye Mama Nyusi, msomaji wa nyuso, alikuwa amesoma uso wa mtoto siku nne bila kuutazama hata mara moja uso uliokaa hatua moja kutoka hapo.

Hakumkaripia. Alimpa pole ya mtoto wa kwanza, akamweleza kwamba dawa hii hupimwa kwa kilo za mtoto na si kwa kijiko, akamwonyesha mstari kwenye bomba. Alimfundisha kuhesabu pumzi kwa saa ya ukutani, kifua kikipanda moja, kikipanda mbili. Akamwambia, zikishuka chini ya ishirini na tano kwa dakika, niite, nipo hapa hapa. Na akamwambia ukweli mwingine: mtoto huyu hajatulia, ameacha kulia kwa sababu kulia kunamuumiza kifua.

Mama alifikiri sana. Alimtazama Mama Nyusi kama mtu anayekagua noti anayohofia ni bandia. Mwishowe akasema, "Mpe. Lakini na mimi nitahesabu."

Alihesabu kweli, midomo ikicheza. Baada ya nusu saa nyusi za mtoto ziliachana. Miguu ikalegea. Baadaye mkono mmoja ukanyooka, ukakamata kitambulisho cha Mama Nyusi na kukivuta. Walipofungua kidonda alilia, tena kwa nguvu, lakini mama alipomwimbia sikioni alinyamaza. Alama tatu.

Saa nane Mama Nyusi alimwomba matroni awaite wote waliokuwepo funguo zilipochukuliwa. Mbele yao alisema kwamba alimdhania mwenzake vibaya, na akaeleza dawa ilikokuwa ikienda. Kuanzia siku ile wodi ikaweka utaratibu: anayesaini ni aliyeona mtoto akimeza.

Chapchap alirudishiwa funguo. Alikiri kwamba na yeye aliharakisha, kwamba alisaini asichokiona. Lakini walipobaki wawili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alifunga vifungo vyake taratibu kuliko kawaida yake, akasema, "Ungeniuliza mimi kwanza."

Mama Nyusi akajibu kwamba ni kweli, na kwamba anasikitika.

Binti wa kitanda cha sita aliruhusiwa baada ya wiki tatu. Chapchap aliomba uhamisho kwenda chumba cha chanjo mwishoni mwa mwaka. Kwenye barua aliandika kwamba zamu za huko zinamfaa zaidi, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Mama Nyusi aliisoma ile barua mara mbili, akitafuta kitu chini ya maneno, kisha akajikataza kuendelea kutafuta.