Visiki vya Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mvivu. Nasema hivi nikijua atasomewa, na atacheka, maana hata aibu ya uvivu hana. Mashamba yetu yanapakana, mwendo mfupi kutoka Buigiri. Udongo ni uleule mwekundu, mvua ni ileile ya kubahatisha. Mimi niling'oa kila kisiki shambani kwangu kwa jembe na shoka, viganja vikatoka malengelenge. Ndivyo bwana shamba alivyotufundisha: kilimo cha kisasa ni shamba jeupe. Akawa analeta watu kulitazama langu. La wifi alilipita bila kugeuza shingo, kwa sababu visiki vyake vilichipua kila mwaka na yeye alilima akivizunguka, eti mgongo unamuuma.

Kisha wakaja watu wa mradi. Walitueleza mkutanoni kwamba nchi za mbali kuna viwanda vinavyofuka moshi, na wenyewe hawana mpango wa kuvizima. Wanalipa ili miti ya kwetu iuvute moshi huo kwa niaba yao. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nawaza tangi. Shamba litakalochaguliwa, mwenye nalo angejengewa tangi la maji, na sisi kiangazi maji tunayafukua kwenye mchanga wa korongo. Nilijua nitachaguliwa mimi. Nani mwingine?

Wakachagua la wifi. Visiki vilivyomshinda vilikuwa vimeshakuwa miti.

"Na langu?" nilimuuliza bwana shamba, yuleyule, sasa kavaa kofia ya mradi.

"Lako, mama, halina cha kutunza."

"Si wewe uliyesema ning'oe?"

"Wakati ule ndivyo tulivyoelekezwa."

Nilimwonea wifi wivu mpaka chakula kikawa hakishuki. Angekuwa mchoyo ningepata nafuu, lakini alinikaribisha nichote bure, na kila ndoo niliyojitwisha kutoka kwake ilinichoma roho. Nilikuwa nasalimia huku nimenuna.

Siku moja akaja mpiga picha wa mradi. Wifi alipigwa kivulini kwenye miti yake, kicheko hadi magego. Halafu nikaitwa mimi. Mimi! Nilikimbia ndani nikavaa kitenge kipya. Mpiga picha akanisimamisha katikati ya shamba langu, jua la saa saba, akaniomba nisitabasamu.

Picha zilitoka kwenye kalenda ya mradi. Wifi aliileta mwenyewe, anahema. "Wifi, tumetoka wote wawili!"

Chini ya picha yake waliandika "Baada". Chini ya yangu, "Kabla". Mtu wa mbali akitazama ataamini ni shamba moja, kwamba palikuwa jangwa langu na mradi ukalifanya msitu wa wifi.

"Umependeza na kitenge chako," aliniambia, na alimaanisha.

Niliitazama ile picha yangu, na kilichoniuma kuliko tangi ni jinsi shamba lilivyokuwa safi. Hata kisiki kimoja hukioni.