Tangi la Paani na Funga ya Jumanne

Jumanne nilikuwa ofisi ya msaada wa sheria, Kibiti. Mama mmoja mpangaji alikuwa amemshitaki mwenye nyumba wake: tangi la paani halioshwi, yeye kaugua homa ya matumbo, na mwanawe bado yuko wodini.

"Wallahi, maji yangu safi," mzee akaapa mbele ya mwanasheria, mkono kifuani.

Mama akatoa chupa mkobani, akajaza glasi. "Haya ya bombani kwako, baba. Karibu."

Mzee akaisukuma glasi kwa kidole kimoja. "Nimefunga, mwanangu. Sunna."

Mwanasheria akainamisha kichwa kwa heshima. Mimi sikuinamisha. Funga ya sunna kwetu tumezoea Jumatatu na Alhamisi, na asubuhi ileile nilimwacha mzee kwenye supu ya makongoro, akigomba kacheleweshewa ndimu.